Kabla hujalitilia gari kuukuu dawa ya tangi

Kila nikiliegesha Morris Minor langu Mama Ngina Drive Jumapili jioni, hakosekani kijana wa kulizunguka mara mbili, kuinama achungulie chini, kisha kuniuliza, "Mama, hili unalitilia dawa gani?" Haulizi injini ni ya ukubwa gani (cc 1098) wala gari ni la mwaka gani (1967). Anauliza dawa. Kwetu Mombasa chupa yoyote inayomwagwa ndani ya tangi la petroli ni dawa: ya kusafisha, ya kuongeza nguvu, ya kupunguza ulaji wa mafuta, ya kulinda valvu. Nikimjibu kwamba mwaka wa kumi na kitu huu silitilii chochote, hunitazama kama mtu anayemficha jina la mganga wake.

Sifichi. Nimefundisha kemia shule ya upili miaka 27, na gari hili nimeachiwa na marehemu baba. Ninayoyajua nimeyapata kwenye daftari langu na kwa Ami, fundi wangu wa Majengo, ambaye si ami yangu kwa damu lakini ndiye aliyemfungulia baba injini hii kabla mimi sijaolewa. Yeye huniita Mwalimu, hasa akitaka kunionyesha kwamba sijui.

Hedi yako ni ya chuma gani?

Anzia hapa. Hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu. Ukilikosea hili, mengine yote utakuwa unabahatisha.

Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akiwa kazini General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi huizuia petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda. Faida ya pili ilikuja yenyewe bila kutafutwa: majivu ya risasi yalitanda juu ya siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikijifunga, yakafanya kazi ya ule unga tunaonyunyiza kibaoni ili chapati isigande.

Maana valvu ya ekzosi, ule mlango wa kutolea moshi silindani, huwaka ikawa nyekundu. Inapojifunga juu ya siti ya chuma laini, vyuma viwili hivyo hugandana kidogo, na inapofunguka hubandua chembe. Fikiria jambo hilo likitendeka zaidi ya mara elfu kwa dakika. Zile chembe hugeuka kutu ngumu, na kutu husaga kama msasa. Siti inazama ndani ya hedi polepole, valvu nayo inapanda juu, nafasi ya tapeti, ule upenyo mdogo unaoachwa juu ya valvu, inaliwa mpaka inakwisha. Hapo valvu haifungi tena sawasawa, moto unapenya ubavuni, na siku moja inaungua.

Risasi yenyewe ni sumu, na inayoumia zaidi ni akili ya mtoto, kwa hiyo mimi kama mwalimu sikuililia ilipoondoka. Kufikia Januari 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeachwa Kenya na kote Afrika kusini mwa Sahara. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha Julai 2021. Lakini injini zilizotengenezwa kwa ajili yake bado tunazo.

Sasa, si zote zinazoihitaji. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, na Peugeot 404, ile iliyobeba Safari Rally 1966, 1967 na 1968, zina hedi za aluminiamu. Aluminiamu ni laini mno kubeba valvu, hivyo kiwandani walizitia siti za chuma kigumu tangu mwanzo. Mwenye gari la namna hiyo akinunua dawa ya kulinda valvu anailinda ambayo haiumwi. Wagonjwa ni magari kama langu: hedi ya chuma cha kusubu, na siti zimechongwa humo humo ndani ya hedi. Morris Minor, Mini za zamani, Ford Anglia. Kama hujui, chukua sumaku ya mlango wa friji uiguse hedi ubavuni. Ikishika, ni chuma. Mambo yamekuwa rahisi namna hiyo, na bado watu hutoa maelfu ya shilingi bila kuuliza.

Sisi tulijifunza kwa gharama. Risasi ya miaka ya nyuma hubaki juu ya siti kwa maili kadhaa elfu, ndiyo maana mwaka wa kwanza na wa pili bila risasi gari halikuonyesha kitu, na baba akasema hayo ni maneno ya Wazungu. Mwaka 2009 tukaenda arusini Voi, watu wazima watano na sufuria mbili za pilau, kilima cha Mazeras chote gia ya tatu, kisha mwendo wa kukaza mpaka Voi. Wakati wa kurudi, karibu na Maungu, injini ikaanza kumisi. Tukafika Mombasa usiku wa manane kwa silinda tatu. Ami alipofungua hedi, valvu ya ekzosi ya silinda ya tatu ilikuwa imemegeka ukingoni kama biskuti iliyoumwa na mtoto. Siti yake ilikuwa imezama, mtu unaiona kwa jicho.

Ujue pia kwamba kuzama huku huletwa na kasi na mzigo. Gari la kutoka Tudor kwenda sokoni Kongowea na kurudi laweza kwenda miaka lisidhurike. La safari ndefu, la kupanda na jamaa nyuma, ndilo linaloliwa.

Kupima, na kutia kwa kipimo

Kabla ya dawa, pima tapeti. Kwa injini hii nafasi ni thau 12, yaani inchi 0.012, kama milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha juu, toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, kisha fuata hesabu ya tisa: valvu namba 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima namba 8, ikifunguka namba 3, pima namba 6. Jumla daima iwe tisa. Za ekzosi ni 1, 4, 5 na 8. Andika kila moja na tarehe na maili, usiiamini kichwa chako. Baada ya maili 1,000 rudia. Zikiwa palepale, huna ugonjwa. Namba moja ya ekzosi ikianza kubana, thau 12 ikawa 9, kisha 7, basi siti yake inazama.

Hapo ndipo chupa ina kazi ya kweli. Dawa za kulinda valvu hutumia potasiamu, sodiamu, fosforasi au manganizi badala ya risasi, kurudisha ule unga kibaoni. Hazifikii risasi kwa injini inayokimbizwa sana, lakini kwa mwendo wa adabu zinapunguza ulaji kwa kiasi cha kuonekana. Niliitumia ya potasiamu miaka mitatu baada ya safari ile ya Voi, na tapeti namba 5 ikatulia.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Chupa yangu iliagiza mililita 1 kwa kila lita 1 ya petroli. Tangi la Minor linachukua galoni 6.5 za Kiingereza, kama lita 29.5, hivyo tangi likijaa ni mililita 30, vijiko viwili vikubwa. Usitumie kijiko. Nunua sirinji duka la dawa, ukiulizwa mgonjwa nani sema Morris. Tia dawa kwanza, petroli baadaye, ili mmiminiko uichanganye. Ukitia lita 10 tu, tia mililita 10 tu. Kuzidisha hakuzidishi ulinzi, kunaacha magadi juu ya plagi. Wala usichanganye chupa za aina mbili, leo ya potasiamu na kesho ya manganizi. Chagua moja ukae nayo. Na ukiiacha, ujue ulinzi unaisha, kwa hiyo haifai kuitia mwezi mmoja na kuisahau miwili.

Tiba yenyewe lakini si chupa. Mwaka 2012 hedi ilipotolewa kwa sababu ya gasketi, nikaipeleka karakana ya kuchonga vyuma, wakachimba siti za ekzosi wakapachika za chuma kigumu, na valvu mpya nne. Iliniuma mfukoni. Tangu siku hiyo dawa ya valvu haina tena la kufanya ndani ya injini yangu, na ndiyo siri yote ninayodaiwa Mama Ngina. Ushauri wangu: usifungue hedi nzima kwa ajili hiyo peke yake. Tumia chupa, subiri siku itakayofunguliwa kwa sababu nyingine, kisha maliza kazi.

Ile sauti kwenye kilima

Tuelewane lugha kwanza. Kenya tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa, beringi zimekwisha, tafuta nyingine. Ninayoizungumzia mimi ni ile sauti ndogo ya changarawe ndani ya kopo, ti-ti-ti-ti, unapokanyaga mafuta kwenye mlima na gia ni kubwa. Ni petroli inayolipuka yenyewe kabla cheche haijaumaliza moto wake. Ikiachwa hutoboa pistoni.

Okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli dhidi ya mlipuko huo, basi. Si kipimo cha nguvu. Petroli yetu ya kawaida, super, haitakiwi kuwa chini ya 93. Kwenye Morris, tazama kibati cha namba ya injini juu ya dainamo: herufi H ni ya mgandamizo mkubwa, 8.5 kwa 1, na L ni ya mgandamizo mdogo. Hata hiyo H yaridhika na 93 kama taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ni sahihi. Injini isiyotoa ile sauti haipati chochote kwa kuongezewa okteni. Hilo nimelijaribu kwa tangi tatu za petroli ya bei ya juu, kilima kile kile cha Mazeras, gia ile ile, na saa mkononi. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile inayoletwa na upepo.

Kijana mmoja wa Datsun 1200 alinijia na chupa ya kuongeza okteni, haijafunguliwa, maandishi makubwa: alama 30. Alidhani super yake itakuwa 123. Kwenye chupa hizi alama moja aghalabu ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo 30 ni 3, na hiyo ni ukitia chupa nzima kwa tangi dogo. Tena nyingi zimejengwa kwa manganizi au ferosini, madini yanayoacha vumbi jekundu-jekundu kwenye pua ya plagi. Vumbi la ferosini hupitisha umeme. Cheche ikipata njia ya mkato, injini inamisi, na mtu anakwenda kununua koili mpya.

Nikamwambia ashushe taimingi kidogo kwanza. Kwenye distributa ya Morris, ile inayogawa cheche kwa plagi, kuna kinati chenye herufi A na R. Ukikizungusha upande wa R unaichelewesha cheche. Kwenye Datsun yake ilibidi kulegeza bolti na kuizungusha distributa yenyewe kwa mkono, nusu ya unene wa kucha. Akapanda daraja la Nyali akarudi anacheka. Chupa? Airudishe dukani, lakiri bado ipo.

Kama taimingi ni sawa na sauti ipo, shuku petroli yenyewe kabla ya kuishuku injini. Mafuta ya taa yana okteni ya chini sana, na yakichanganywa na petroli hata kidogo kidogo, injini ya kabureta hulalamika mara moja, hutoa moshi, na oili hupata wembamba. Mchezo huo ulienea mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida yake ipungue. Ukiwa na wasiwasi, dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto. Petroli safi huruka isiache doa la maana. Yenye mafuta ya taa huacha baka la mafuta kama karatasi ya bajia. Hakuna chupa inayoponya petroli hiyo. Itoe, ujaze kwingine.

Za kusafisha

Hizi sizichukii. Zile zenye polietaamini husafisha kweli masizi ndani ya injini, na kabureta iliyopata gundi ya petroli iliyolala hufaidika. Tatizo ni tangi. Gari la miaka hamsini na zaidi, lililokaa karibu na bahari, lina kutu na tope la manjano lililolala chini kwa amani. Sabuni ikiingia, tope linaamka. Mimi nilimwaga chupa nzima asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama katikati ya daraja la Nyali, matatu zinanipigia honi, na bakuli la kabureta limejaa kitu kama uji wa wimbi. Alaa! Mwalimu mzima wa kemia.

Kwa hiyo: vua tangi kwanza, lisuuze, ukague kutu kwa tochi. Weka filta mpya ya plastiki angavu kabla ya pampu ili uone kinachokuja. Tia nusu ya kipimo, tembea maili 50, badilisha filta, kisha nusu ya pili. Na kagua mipira: dawa kali na spiriti hulainisha mipira ya zamani ikawa kama jojo. Bomba zilizoandikwa R9 huvumilia. Baba alikuwa akihadithia miaka ya 1980 petroli ilipochanganywa na spiriti ya molasi ya Muhoroni. Alibadilisha bomba mara mbili, akailaumu Kisumu nzima.

Usilitilie haya

Naftalini ya kabatini: huongeza okteni kidogo, kisha huganda chembe chembe kwenye jeti, vile vitundu vya kabureta. Thina na asetoni: rangi na mipira vyote kwaheri. Oili ya mashine za boti, ile wavuvi wanayochanganya moja kwa hamsini: injini yao imeumbwa kwa hiyo, yako imeumbwa na sampu, bakuli lake la oili chini, kwako itashusha okteni na kuziba plagi kwa masizi. Petroli ya ndege ndogo, Avgas 100LL, huulizwa sana kwa sababu bado ina risasi. Ndiyo hiyo sababu ya kutoitaka karibu na nyumba yenye watoto.

Na kuna joto. Foleni ya feri ya Likoni, saa saba mchana, pampu ya petroli ya umeme, SU, kwenye Minor inaanza kutetemeka tik-tik-tik-tik bila kupata kitu, injini inazimika. Atakuja mtu na chupa. Petroli imegeuka mvuke kwenye bomba, na mvuke hausikii dawa. Funua boneti, weka kitambaa cha maji juu ya pampu na bomba, ngoja dakika kumi, kunywa dafu. Ukifika nyumbani sogeza bomba mbali na ekzosi.

Gari la kukaa wiki nyingi bila kuwashwa lijaze tangi. Tangi nusu tupu hupumua unyevu wetu wa pwani kila usiku na kuugeuza maji. Hapo dawa ya kuzuia petroli isiharibike ina maana, mradi uitie petroli ikiwa mpya, kisha uwashe injini dakika kumi ili ifike mpaka kwenye kabureta. Kuitia petroli iliyokwisha kuoza ni kuitia chumvi samaki aliyekwisha kunuka.

Ukitaka kujua kama chupa fulani inafanya kazi kwako, jaribu moja tu kwa wakati. Jaza tangi mpaka shingoni, andika maili, tembea njia zako za kawaida, jaza tena kituo kile kile, gawanya. Fanya hivyo mara tatu bila dawa, mara tatu na dawa. Toa plagi na uzitazame: rangi ya maziwa ya chai ni afya, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni moto mkali. Usitegemee sikio, ukishatoa pesa, sikio litasikia unachotaka. Daftari langu lina dawa tano zilizoahidi kupunguza ulaji wa mafuta. Bila dawa gari lilikwenda kilomita 13.6 kwa lita. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilifikia 13.7, na wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa, barabara tupu.

Ami hulisoma daftari hilo kila ninapompelekea gari, akilishika mbali na macho kwa sababu miwani hataki kuvaa. Jumamosi iliyopita aliandika mwenyewe, kwa kalamu ya mafuta: namba 1, thau 12, namba 4, thau 12, namba 5, thau 12, namba 8, thau 11, nimerekebisha. Safu ya dawa akapiga mstari.